Rangi za Zubeda kwenye Dirisha Jeusi

Vijana wangu mnaokaa mbele ya kompyuta, nataka kuwaandikia habari ya kitu kidogo kuliko punje ya ulezi. Ni ile alama inayowaka na kuzima kwenye dirisha jeusi, pale ambapo herufi inayofuata itatokea. Mnaiita kasa. Wengi wenu mnaikuta ilivyo na mnaiacha ilivyo. Mimi kasa imeninyima usingizi, na si kasa yangu, ni ya mwenzangu.

Nimestaafu, niko nyumbani Izia, nyuma ya nyumba nina mahindi na kipande cha ulezi. Shule yangu ni ya darasa la saba, Mwazye. Sijui kama mtu wa darasa la saba anaruhusiwa kuwaandikia watu wa chuo. Nikikosea mahali mtanisahihisha, nimezoea kusahihishwa. Ila naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunisahihisha.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, iliuza intaneti kwa maduka, shule na ofisi. Tulikuwa na mashine tatu za kuongoza mawasiliano. Moja ilikuwa Majengo, mtaa wa mjini palipokuwa na ofisi yetu, ndiyo iliyobeba mji mzima. Ya pili ilikuwa kwenye mnara wa Izia. Ya tatu Mwazye, kwetu, ambako mvua ikinyesha mawasiliano yanakuwa kama mgonjwa wa kifua. Sisi wafanyakazi tulikaa chumba kimoja Majengo na tuliziendesha zote tatu kwa dirisha jeusi. Humo hamna picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, unabonyeza Enta, na mashine iliyo mbali inatii.

Inatii hata kama umemwamrisha asiyehusika. Hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa na miiba. Madirisha yote yalikuwa meusi, maandishi yote meupe, na kwa sababu mashine ya pili na ya tatu zilinakiliwa kutoka kwa ile ya kwanza, mwanzo wa kila mstari zote ziliandika neno lile lile, jina la kampuni. Ukiacha dirisha ukaenda kunywa chai, ukirudi hujui uko Majengo au uko Mwazye. Ukataka kuizima na kuiwasha upya ile ya Mwazye, ukazima ya Majengo, mji mzima unakupigia simu.

Bosi wetu, Mzee Severini, ndiye aliyenitoa kwenye mashine ya kupiga chapa akaniweka pale. Siku ya kwanza hakunifundisha amri yoyote ya maana. Aliniuliza, "Gaude, ukifika uwanjani kwa mtu unafanya nini?"

"Napiga hodi, mzee."

"Halafu?"

"Nasubiri kuitikiwa, nijue nani yupo."

"Basi na hapa ni hivyo hivyo. Usiagize kitu kwenye nyumba ambayo hujaitikiwa."

Akanionyesha amri fupi ambayo ukiiandika mashine inakutajia jina lake la kweli, hata kama mwanzo wa mstari unadanganya. Tukaiita hodi. Tangu siku hiyo, kabla ya kila amri nzito nilipiga hodi, nikasoma jina, nikalitamka kwa mdomo, ndipo nikabonyeza Enta. Watu walinicheka kwamba nasalimiana na mabati. Lakini sikuwahi kuzima nyumba isiyo yangu, na hilo nalisema bila kujisifu, au labda najisifu kidogo.

Sasa Zubeda.

Alikuja kutoka Kirando, kule ziwani, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuandika. Kwa wiki chache hakuwa na shida na mtu. Kisha asubuhi moja nikapita nyuma ya kiti chake, nikaona kasa yake. Ya kwangu ilikuwa kamstari kembamba keupe kanakopepesa, niliikuta hivyo, nikadhani Mungu ndiye aliyeipanga. Ya Zubeda ilikuwa boksi zima lililojaa, rangi ya njano ya alizeti, limetulia tuli, halipepesi. Ukisimama mlangoni unaliona.

"Umeifanyaje hiyo?" nikamuuliza.

"Kwenye mipangilio tu, dada Gaude. Njoo nikuonyeshe."

"Aa, hapana. Nina kazi."

Sikuwa na kazi. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaangalia kale kamstari kangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kuwa nilikuwa nakatafuta kila mara kwa kukunja macho, miaka yote, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Na wanafunzi wakaliona lile boksi. Kila mwaka tulipokea vijana wa chuo waliokuja kujifunza kazi, na walikuwa wanakaa upande wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa muda mrefu. Mwaka ule viti vikahama. Asubuhi waliingia, wakainama kidogo kwangu, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, halafu wakavuta viti kwa Zubeda: "Mambo, dada Zube!" "Poa, mshikaji, leta kiti." Shikamoo ni heshima, siikatai. Lakini heshima ile ilikuwa inaishia mlangoni, na vicheko vilikuwa upande wa pili wa chumba.

Nikaamua nami nitengeneze ya kwangu, bila kumuuliza mtu. Nilifungua mipangilio ya dirisha, nikakuta mahali pa umbo: boksi, mstari wa chini, kijiti cha wima. Nikachagua boksi. Nikakuta mahali pa rangi. Nikaona rangi ya buluu iliyokoza, nzuri kama kitenge cha Pasaka, nikachagua, nikafunga. Kasa ikapotea. Nikafuta miwani kwa kanga. Nikasogeza skrini. Nikazima taa. Nilikuwa naandika kama kipofu, herufi zinatokea mahali nisipotegemea, na naona aibu kuuliza. Mwishowe binti mmoja wa chuo alikuja kuchukua stepla, akachungulia.

"Mama, mbona kasa yako ni ya buluu kwenye nyeusi? Haionekani."

"Naipenda hivyo," nikasema.

"Haya mama," akasema, akaenda zake kwa adabu zote, na baada ya dakika mbili nikasikia upande wa Zubeda kimya cha watu wanaojizuia kucheka.

Basi mkitaka kujifunza kutokana na mzee, jifunzeni hili la kwanza: rangi ya kasa haichaguliwi kwa uzuri wake, inachaguliwa kwa kile kilicho nyuma yake. Nyuma pakiwa peusi, chukua njano, kijani cha majani machanga, nyekundu iliyowaka, au nyeupe. Buluu iliyokoza iacheni kwenye kitenge. Angalieni pia rangi ya herufi iliyo chini ya boksi, maana boksi linaifunika. Boksi likiwa jeupe na herufi ikawa nyeupe, utakuwa umeficha ile herufi moja unayotaka kuisoma.

La pili, umbo linaweza kubadilishwa pia kwa amri, si kwenye mipangilio tu. Kuna mfuatano mfupi wa alama ambao dirisha likiupokea haliuandiki, linautii. Ndani yake kuna namba. Moja na mbili ni boksi, tatu na nne ni mstari wa chini, tano na sita ni kijiti cha wima. Zubeda aliwafundisha wanafunzi hivi, nami nilisikiliza nikijifanya napanga nyaya: "Kumbukeni hesabu za shule ya msingi. Witiri zinapepesa, shufwa zimetulia." Ilikuwa njia nzuri ya kukumbuka. Ilinikera kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Witiri na shufwa nilizijua mimi kabla yake, na haikunijia.

Wakati huo Mzee Severini alikuwa ametutangazia kwamba anapumzika. Miguu ilikuwa imemchosha, na baridi ya huku juu haimpendi. Alisema kabla ya kuondoka atamwachia mmoja wetu chumba kile kukisimamia, na wote tulijua mmoja wetu maana yake ni mimi au Zubeda. Sitawaficha, nilikitaka kile chumba. Ningebakiwa na muda mfupi tu kabla ya kustaafu mwenyewe, lakini nilitaka hata huo muda mfupi watu waseme chumba cha Gaude. Nilikuwa nimefagia pale, nimepanda mnara pale nikiwa na nguvu, nimekaa na ile hodi ya mzee muda mrefu kuliko mtu yeyote.

Kipindi hicho hicho Zubeda akaja na jambo kubwa zaidi. Aliipa kila mashine rangi yake. Ukiingia mashine ya Izia, yenyewe inatuma ule mfuatano wa alama kwenye dirisha lako na kasa inakuwa kijani. Ukiingia Mwazye, inakuwa njano. Ukitoka, inaaga kwa kukurudishia nyeupe, maana yake uko nyumbani, Majengo. Huhitaji kusoma jina. Jicho linakwambia kabla ya akili.

Mzee Severini alisimama nyuma ya kiti cha Zubeda kwa muda mrefu. "Hii ni nzuri, Zubeda," akasema. Kwangu hakuwahi kusema nzuri, alisema sawa. Miaka yote, sawa, Gaude. Huenda kwake maneno hayo mawili yalikuwa na uzito mmoja. Sijui. Niliyapima mara nyingi, kila mara moja lilikuwa zito kuliko jingine.

Zubeda akanigeukia. "Dada Gaude, nikuwekee na wewe?"

"Mimi napiga hodi."

"Hodi na rangi havigombani."

"Havigombani," nikasema, "lakini mimi napiga hodi."

Akacheka akaniacha. Hakuwa na ubaya. Ningependa kuwaambia alikuwa na majivuno, ingenisaidia, lakini hakuwa nayo. Chapati alizoleta alitugawia wote. Mwanangu alipougua, yeye ndiye aliyeshika zamu zangu na hakunikumbushia hata siku moja. Mnaona shida yangu. Mtu mbaya unamwonea hasira na mambo yanaisha. Mtu mwema unamwonea wivu na hakuna mahali pa kuuweka.

Kwa hiyo nilimwangalia. Hiyo ndiyo tabia ya wivu, unakufundisha kuangalia. Nilijua anavyokaa, anavyofuta skrini kila baada ya kazi kwa sababu anapenda usafi, anavyopiga Enta kwa kidole cha pete. Skrini yake niliijua kuliko yangu.

Siku moja ya mvua mashine ya Mwazye ikakwama. Ilibidi izimwe na kuwashwa upya. Pale Majengo, maduka ya mbolea yalikuwa yamefurika wakulima waliotoka vijijini toka asubuhi, na hakuna aliyeweza kuuziwa mfuko bila jina lake kupatikana kwenye mfumo, na mfumo huo ulipita kwenye mashine yetu ya Majengo. Ilikuwa siku ambayo mashine ile usingeigusa hata kwa kitambaa.

Zubeda akaingia Mwazye. Kasa ikawa njano. Mwanafunzi akamuuliza kitu, akageuka kumjibu, wakaongea, wakataniana kuhusu mpira. Alipogeuka tena alifuta skrini bila kuisoma, kama kawaida yake. Kasa iko pale juu, boksi la njano. Akaanza kuandika amri ya kuzima.

Na mimi, niliyekuwa namwangalia, nikaona kitu. Herufi zilikuwa zinatokea haraka.

Kaeni na mimi hapa, maana hili hamtalikuta kwenye kitabu. Ukiandikia mashine iliyo mbali, hasa Mwazye, hasa kwenye mvua, herufi unayoibonyeza haitokei hapo hapo. Inakwenda, inafika, inarudi. Unabonyeza, unasubiri kidogo, ndipo inatokea, kama kuongea na mtu anayejibu huku anatafuna. Sisi wa kazi ile tuliujua ule mwendo kwenye vidole. Na herufi za Zubeda zilikuwa zinatokea papo hapo, tap tap tap, kama za mashine iliyo chumba cha pili.

"Zube, usiguse Enta!"

Nilipiga kelele. Vijana waliruka. Zubeda akainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na askari.

"Nini, dada?"

"Hapo si Mwazye."

"Si njano hii?"

"Piga hodi."

Akafuta alichoandika, akapiga hodi. Mashine ikajibu: Majengo.

Tukaelewa baadaye kilichotokea. Wakati anaongea na mwanafunzi, mvua ilikata mawasiliano ya Mwazye, na dirisha likamrudisha nyumbani. Lakini rangi ilirudishwa nyeupe pale tu unapoaga vizuri, na mtu aliyekatiwa simu haagi. Njano ikabaki imemganda kwenye skrini, na ile taarifa fupi ya kwamba mawasiliano yamekatika alishaifuta na usafi wake.

Mwishowe Zubeda akanigeukia. "Dada Gaude, ulikuwa unaniangalia mimi?"

"Nilikuwa naangalia mvua," nikasema.

Dirisha la chumba kile lilikuwa nyuma yangu. Alilitazama dirisha, akanitazama mimi, akaanza kucheka, nami nikacheka. Wengine wamewahi kunisifu kwa siku ile. Nisingependa sifa nisiyojua kama naistahili. Ule mdomo ulifunguka kabla sijafikiri. Ningepewa muda wa kufikiri, na kile chumba kikiwa kinagombewa, siwezi kuapa ningefikiri nini.

Nililala vizuri wiki ile, nawaambia ukweli. Niliona mambo yamekaa sawa. Rangi zimedanganya, hodi imesema kweli, na kila mtu alikuwepo akiona.

Zubeda hakulala. Alikuja siku iliyofuata na dawa. Akaitoa ile rangi kwenye kuingia na kutoka, akaiweka mwanzoni mwa mstari wenyewe, kwenye kila mashine, na safari hii hata Majengo. Yaani kila mara mashine inapokuandikia mstari mpya wa kukaribisha amri, inapaka kasa rangi yake upya. Mvua ikikata mawasiliano na ukaangukia nyumbani, mstari wa kwanza tu wa nyumbani unaipaka kasa nyekundu, hata hujaaga mtu. Majengo aliipa nyekundu kwa sababu ndiyo yenye watu wengi mgongoni. Na pale pale mwanzoni akaondoa jina la kampuni, akaweka jina la kweli la mashine. Ile hodi yangu ikawa inajipiga yenyewe, kila mstari, bila mtu kukumbuka.

Nilijaribu kuikamata na kosa. Nilichomoa waya katikati ya kazi. Nyekundu. Niliingia Izia, kutoka huko nikaingia Mwazye, nikachomoa tena. Nyekundu. Kosa moja dogo nililipata: kuna programu za kuandikia ambazo ukizifungua zinabadilisha umbo la kasa kuwa kijiti na ukitoka zinasahau kurudisha. Nikamwambia, nikiwa na furaha isiyo nzuri. Akasema, "Ahsante dada, sikuliona hilo," akaongeza na umbo pale pale kwenye mstari. Shufwa, mbili, boksi lililotulia. Likaisha.

Siku Mzee Severini alipotuita, alikuwa amevaa koti lake zito, na tulikaa wote, na wanafunzi nyuma. Kabla hajafungua mdomo Zubeda alisimama.

"Mzee, naomba niseme. Ile siku ya mvua, mji ungezimika mkononi mwangu. Dada Gaude ndiye aliyenizuia. Nataka ulijue hilo kabla hujasema lako."

"Nalijua," akasema mzee. Akanigeukia. "Gaude, siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mzee."

"Na siku usipokuwepo?"

Nikageukia dirisha. Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo, hakukuwa hata na kelele ya bati ya kujificha nyuma yake.

"Hodi nilikufundisha mimi," akasema, "kwa hiyo najua inapokaa. Inakaa kichwani kwako. Ukienda Mwazye kuvuna, inapanda gari na wewe. Hizi za Zubeda zinabaki hapa ukutani hata wote tukiondoka. Chumba atakaa nacho yeye."

"Mzee, lakini dada Gaude ana miaka yote hii," Zubeda akaanza.

"Mwache mzee amalize," nikasema. Sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

"Nimemaliza," akasema Mzee Severini.

Nilirudi Izia kwa miguu jioni ile nikitafuta kasoro kwenye maneno yake. Niliyageuza huku na huku njia nzima. Nilitaka iwe upendeleo, iwe elimu ya Zubeda, iwe ujana wake, iwe zile chapati. Nimestaafu, nimevuna na kupanda tena, na bado nayageuza nikiwa shambani, na kasoro sijaipata.

Basi wekeni rangi mwanzoni mwa mstari, kwenye kila mashine, hata ile ya nyumbani. Nyekundu muipe ile yenye watu wengi mgongoni. Mkiulizwa mmejifunza wapi, semeni ni rangi za Zubeda, ndivyo zinavyoitwa pale Majengo na ndivyo inavyostahili. Mkizitaja hivyo mbele yangu mtaniona nimegeuza uso kidogo. Msinijali. Endeleeni kuzitaja.